Sildenafili: "haifanyi kazi" na "inaua"

Sildenafili, dawa ya kusaidia uume kusimama, iliruhusiwa Marekani Machi 1998 kwa jina la Viagra, na tangu hapo wanaume huilaumu kwa mambo mawili yasiyopatana: haifanyi kazi, tena inaua.

Lawama ya kwanza mara nyingi hutokana na namna ya kuitumia. Kidonge hakileti hamu. Mwanamume akisisimka, mwili hutoa oksidi ya nitriki, misuli ya mishipa ya uume inalegea, damu inaingia. Dawa huzuia tu kimeng'enya kinachozima hali hiyo. Aliyemeza miligramu 50 akakaa kutazama mpira akingoja, atangoja sana. Aliyeimeza juu ya pilau lenye mafuta ameichelewesha kwa takriban saa nzima. Imezwe saa moja kabla, tumbo likiwa jepesi, na ijaribiwe siku sita hadi nane tofauti kabla ya kuitwa bure. Tadalafili, dawa ya jamii hiyohiyo, haijali chakula na hudumu hadi saa 36. Hata hivyo wapo ambao dawa hizi kweli hazitawasaidia, hasa wenye kisukari cha muda mrefu, ambao neva na mishipa yao imeshaharibika.

Kuhusu kuua, kichwa kuuma, uso kuwaka na pua kuziba ni kero tu. Kuona rangi ya buluu nako hupita. Kinachotisha ni nitrati, zile dawa za maumivu ya kifua, zikiwemo za kuweka chini ya ulimi. Zikikutana na sildenafili, presha huporomoka ghafla. Kati ya nitrati na sildenafili zipite angalau saa 24, na kwa tadalafili 48. Lisilosemwa sana ni ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya mseto wa dawa za VVU: hulizuia ini kuivunja sildenafili, kwa hiyo kipimo kisizidi miligramu 25 ndani ya saa 48. Anayemficha mfamasia dawa hizo anajiponza mwenyewe.

Unga na vidonge vya "asili" vya nguvu za kiume, kwa maoni yetu, ni vibaya zaidi. Katika nchi nyingi, vipimo vimekuta sildenafili ndani ya bidhaa za aina hiyo, bila kutajwa kwenye lebo wala kujulikana ni kiasi gani. Mgonjwa wa moyo aliyekatazwa kidonge hukimbilia huko akidhani amekikwepa.

Uume ukisimama zaidi ya saa nne, ni hospitali usiku huohuo. Na anayebanwa kifua akipanda ngazi za ghorofa mbili apimwe moyo kwanza, kidonge kingoje.