Serikali ifanye hivi, ifanye vile: nani atalipa?

Chukua insha yoyote ya uchumi ya mwanafunzi wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, iwe ya mfumuko wa bei, ukosefu wa ajira au deni la taifa, uruke hadi ukurasa wa mwisho. Hapo utakutana na hatua. Serikali ipanue wigo wa kodi. Serikali ipandishe riba. Serikali itoe ruzuku kwa wakulima. Zinafika nane au kumi, na msahihishaji anaweka vema kwenye kila moja. Nimefundisha somo hili miaka mingi hapa mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Busia, na hakuna sehemu ya insha inayonichosha kama hiyo.

Sina ugomvi na hatua zenyewe. Ninachokikosa ni bei yake. Ajabu ni kwamba mwanzoni kabisa mwa S5 sisi hao hao hufundisha kuwa ukichagua kitu kimoja umeacha kingine, na ulichokiacha ndicho gharama halisi ya uamuzi wako. Wanafunzi hulielewa upesi, hasa wale ambao ada yao ilitokana na ng'ombe aliyeuzwa. Halafu tunafunga ukurasa. Tukifika kwenye sera, gharama imetoweka: ruzuku haitoki mfukoni mwa yeyote, riba ikipanda haimuumizi mtu. Nimeshasoma insha iliyotaka serikali ibane matumizi katika pointi ya tatu, kisha iajiri walimu zaidi katika pointi ya saba, na mwandishi wake hakushtuka hata kidogo.

Tuchukue hilo la wigo wa kodi, kipenzi cha watahiniwa wote. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda iliupanua kweli: ushuru wa asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, pamoja na shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Kabla ya mwaka kwisha ushuru wa pesa za simu ulipunguzwa hadi asilimia 0.5, tena kwa anayetoa pesa tu. Kwa hesabu ya leo ni shilingi 500 kwa kila laki moja. Lakini aliyehamisha pesa kati ya akaunti za benki hakukatwa ushuru huo, na mwenye akaunti ya benki kwa kawaida si yule bibi wa kijijini anayemsubiri wakala afungue kibanda. Hapo ndipo uchumi unapoanza, na hapo ndipo insha zetu zinapoishia.

Mfano wa riba ni mtamu zaidi kwa sababu hatua yenyewe ilifanya kazi. Oktoba 2011 mfumuko wa bei ulipita asilimia 30. Benki Kuu, iliyokuwa imeanza kutangaza riba yake mpya ya msingi, ile inayoongoza riba za mikopo ya benki, Julai mwaka huo kwa asilimia 13, iliifikisha asilimia 23 ilipofika Novemba. Mwaka 2012 ulipokuwa ukielekea ukingoni, mfumuko ulikuwa umerudi chini ya asilimia 10. Mwanafunzi anaandika hayo na kupata alama zake. Anachokiacha ni Januari 2012, wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka kulalamikia riba za mikopo. Waliokuwa na mikopo ya benki ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kushusha bei ya sukari ya watu wengine. Ilikuwa haki? Mimi nadhani ilibidi. Mwanafunzi anaweza kunipinga, mradi awataje wale walioumia.

Najua kwa nini walimu wenzangu hawaendi huko. Katika mtihani wa mwisho wa S6, daraja A la somo kuu lina pointi 6 kati ya 20 za jumla, mzazi anahesabu, mwalimu mkuu anahesabu, na pamfleti zenye hatua zilizopangwa tayari zinauzwa kama chapati. Mtoto wa miaka 17 hawezi kuhatarisha nafasi yake ya chuo kikuu ili anifurahishe mimi.

Kwa hiyo maombi yangu nayapeleka kwa watungaji wa mtihani. Mtaala mpya wa kidato cha juu ulianza na S5 wa mwaka 2025, na unajinadi kwa umahiri badala ya kukariri. Basi na maswali yabadilike. Nipe swali la namna hii: serikali inafikiria kuondoa kodi kwenye dizeli, nani atanufaika kwanza, pengo la mapato litazibwa kwa kitu gani, na ungekuwa wewe ungeiondoa? Hatua moja tu, alama zote 20.

Nimelijaribu darasani. Swali la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, tuandike pointi ngapi?" Baada ya hapo binti mmoja, baba yake ni dereva wa lori, akasema mwenye lori ndiye atakayebaki na faida, kwa kuwa mafuta yakishuka nauli na gharama za kusafirisha mizigo huwa hazishuki. Kijana wa nyuma akabisha: malori yakiwa mengi barabarani, wenyewe watagombania mizigo na bei itashuka yenyewe. Walibishana hadi kengele ya chakula, na wengine wakaendelea kwenye foleni ya posho, yaani ugali.