Farasi mwenye msokoto wa tumbo: dawa mpaka lini, kisu lini?

Farasi hawezi kutapika. Utumbo ukiziba, maji na gesi hurudi nyuma na kujaa tumboni, na tumbo linaweza kupasuka. Ndiyo maana daktari wa mifugo huwahi kumpitishia mrija puani: anampunguzia shinikizo na papo hapo anapata jibu. Zikitoka zaidi ya lita 2, hali si ya kuchezea.

Wanaotetea dawa wana hoja nzito. Visa vingi hupona bila kisu: gesi hutoka, kinyesi kilichokauka hulainishwa kwa maji mengi, na maumivu hutulizwa kwa fluniksini. Upasuaji nao una hatari zake. Mnyama wa kilo 500 hupigwa nusukaputi, hulazwa chali na kupasuliwa katikati ya tumbo, kisha ainuke mwenyewe. Wapo wanaovunjika mguu pale wanapojaribu kusimama. Baadaye mshono unaweza kuingia vijidudu, au utumbo ukagoma kufanya kazi.

Lakini utumbo uliojinyonga hauna dawa. Damu ikikatika, ukuta wake huanza kufa ndani ya saa chache, na sumu za bakteria huingia mwilini.

Ubishi wa kweli uko kwenye utumbo mpana ulionasa kati ya wengu na figo ya kushoto. Daktari anaweza kumpa fenilefrini ili wengu usinyae, kisha farasi akimbizwe kwa mzunguko mpaka utumbo uteleze. Anaweza pia kumbiringisha akiwa amelazwa kwa dawa, au kumpasua. Mimi ningeanza na fenilefrini, ila si kwa farasi mzee, kwa kuwa imewahi kuwavujisha damu ndani kwa ndani hadi kufa.

Ninachokiogopa ni sindano ya pili na ya tatu ya fluniksini kwa farasi ambaye hajachunguzwa upya. Dawa hiyo hutuliza maumivu, na kunyongeka kunaendelea. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Ukibaki juu ya 60 baada ya dawa, au maumivu yakirudi upesi, tayari ni wa kupelekwa penye chumba cha upasuaji. Kumpeleka si lazima kumpasua. Akitulia njiani (na hutokea, mtikisiko wa gari humtoa gesi) atarudi na tumbo lake zima. Mwenye farasi asiyemudu upasuaji amwambie daktari mapema, maana swali litakuwa jingine: atulizwe maumivu kwa dawa hadi lini kabla ya kulazwa usingizi wa mwisho.