Ruvuma Ndani ya Mpingo

Kila nipitapo Mwenge, Dar es Salaam, husimama mbele ya kinyago cha ujamaa: nguzo ya mpingo ambamo watu wamepandana, mguu wa huyu begani mwa yule, hata usijue mwili mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Wageni huelezwa kwamba huo ndio umoja wa Watanzania. Si uongo, lakini naamini maelezo hayo yanakipunja kinyago nusu ya maana yake, kwani mikono iliyouanzisha mtindo huo ilikuwa ya wahamiaji.

Wamakonde hao walitoka uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, wakavuka Mto Ruvuma wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno, na wengi wao wakaishia katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Huku waliitwa Wamawia, na chale za usoni ziliwatambulisha kabla hawajafungua kinywa. Mtindo wenyewe waliuita dimoongo. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, pamoja na siasa ya nchi iliyowapokea. Kwa hiyo hata kinyago nacho kimehama na kupewa jina jipya.

Mti nao una mengi ya kusema. Barakoa za mapiko, ngoma ya Wamakonde, huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji huzivaa kichwani. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Siku moja nilimtazama mzee mmoja akianza gogo: tezo ilibandua gome, ukatokea mti mweupe wa nje, kisha weusi. Alipokaribia kumaliza, aliacha ukanda wa ule weupe mgongoni mwa kinyago.

“Mzee, mbona hapo hujapamaliza?”

“Pamekwisha, mwanangu. Huo ndio ushahidi. Ukikiona cheusi kitupu, huenda ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu.”

Neno hilo la ushahidi limenikaa moyoni, kwa sababu Wamakonde wa Kwale, nchini Kenya, ambao wazee wao walifika huko kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo mingi bila vitambulisho vya taifa. Wapo miongoni mwao waliochonga vinyago ambavyo watalii walivibeba kuvuka mipaka bila kuulizwa asili, ilhali mchongaji mwenyewe hakuwa na karatasi ya kumwezesha kufungua akaunti ya benki. Ilibidi watembee kutoka Kwale hadi Nairobi, Oktoba 2016, ndipo serikali ikaagiza wapewe uraia, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Ndiyo maana huona uchungu kinyago kinapouzwa kwa kibandiko chenye bei tu. Natamani maduka na makumbusho yetu yaandike pia Mueda, Ruvuma na shamba la mkonge, na muuzaji amgeuzie mnunuzi kinyago kile, amwonyeshe ule ukanda mweupe mgongoni.