Vita ya Msalaba iliyogeuzwa na deni

Watu wakiongelea Vita vya Msalaba, zile safari za Wakristo wa Ulaya kwenda kupigana na Waislamu, wanakimbilia Jerusalem na Salahuddin, ila kwangu mimi ile ya nne, ya 1202 mpaka 1204, ndo imeacha kidonda kibaya kuliko zote, maana waliotoka kwenda kupigana na Waislamu waliishia kuwachinja Wakristo wenzao, na kilichowapeleka huko kwa sehemu kubwa ni deni.

Iko hivi. Mwaka 1201 wajumbe wao waliingia mkataba na Venice, mji wa wafanyabiashara wa baharini Italia, wajengewe meli za kubeba watu 33,500 kwa mark (kipimo cha fedha cha enzi zile) 85,000 za fedha. Siku ya safari ikafika, waliotokea kama theluthi tu, hela haitoshi, na Venice wameshaacha shughuli zao kibao kwa ajili ya zile meli. Mtawala wa Venice, Enrico Dandolo, mzee kipofu lakini akili inachaji, akawaambia basi nisaidieni kwanza kuteka Zara (Zadar ya leo, Croatia), deni litasubiri. Zara mji wa Wakatoliki jamani! Papa Innocent III akakataza, wakaupiga hivyo hivyo. Baadae akaja Alexios, mtoto wa mfalme aliyepinduliwa Constantinople (Istanbul ya leo, mji mkuu wa Wagiriki Waorthodoksi), akawaahidi mark 200,000 wakimrudishia ufalme, wakamrudishia, akashindwa kulipa yote, akauliwa na watu wake, na Aprili 1204 wale wapiganaji wa msalaba wakaupora mji siku tatu mfululizo, hadi madhabahu ya Hagia Sophia, kanisa kuu la mji, ilivunjwa vipande wakagawana.

Venice ndo walikula faida. Walipewa sehemu tatu kati ya nane za mji, wakajiwekea bandari njia nzima ya meli za biashara, na Krete waliishikilia mpaka 1669. Wale farasi wanne wa shaba pale kanisa la Mtakatifu Marko ni mali ya wizi ule, wa nje ni nakala, wenyewe wako ndani.

Wagiriki waliurudisha mji 1261 ila umeshachoka, hazina tupu, biashara mikononi mwa Waitaliano. Ndo maana mimi nikisikia Waosmani (Waturuki) waliiua Constantinople 1453 naona tunaruka nusu ya habari.

Na chuki ilibaki. Vitabu vinataja 1054 kuwa ndo mwaka Wakatoliki na Waorthodoksi walitengana, lakini mtu wa kawaida ugomvi wa maaskofu unamhusu nini, kinachomuuma ni nyumba yake kuchomwa. Papa Yohane Paulo II alipoenda Athens 2001 kuna Waorthodoksi waliandamana kumpinga, akaomba msamaha, miaka karibu 800 imepita, na mimi wale waandamanaji nawaelewa kabisa.