Waya au zari? Soneti ya 130 na huyu mwanamke anayesemekana katukanwa

Jumamosi nilimsindikiza mpwa wangu kusuka, yuko fomu faivu anasoma fasihi ya Kiingereza, akatoa karatasi yenye lile shairi la Shakespeare, Soneti ya 130, akaanza kumtafsiria dada anayemsuka, mstari kwa mstari, kwa sauti, saluni nzima inasikia. Macho ya mpenzi wangu hayafanani na jua hata kidogo. Marijani ni nyekundu kuliko midomo yake. Kama theluji ndo nyeupe basi kifua chake rangi ya vumbi. Kama nywele ni waya, basi kichwani kwake umeota waya mweusi. Hapo dada akasimamisha mkono, rasta ziko hewani, akasema "huyo mwanaume anatafuta kuachwa". Mpwa akaendelea, mashavu hayana mawaridi, halafu akafika kwenye pumzi "inayonuka", kesi ikaishia hapo hapo, hakuna aliyetaka kusikia mistari iliyobaki.

Akanigeukia, "mjomba, sasa huyu anampenda au anamtukana?" Nikajibu haraka haraka anampenda, soma mistari miwili ya mwisho, pale anaposema na bado mpenzi wake ni adimu sawa na mwanamke yeyote aliyesingiziwa kwa mifano ya uongo, maana ndo jibu ambalo kila mwalimu analitaka. Ila nilivyorudi nyumbani likanisumbua, kwa sababu dada wa saluni hakukosea, alihukumu kile alichosomewa. Na alichosomewa kina maneno mawili yaliyobadilika sana toka kitabu cha soneti zake kitoke London 1609, moja nitalitetea mpaka mwisho, la pili nimejaribu kulitetea nikashindwa katikati.

Umbo lake sitakaa nalo sana. Mistari 14, mizani 10 kila mstari kwa mapigo matano mepesi-mazito, vina vinapishana mara tatu halafu viwili vya mwisho vinafanana. Sisi tuliozoea nane kwa nane na kina cha kati tunaweza kuona kama shairi lililokatwa mkia, poa tu. Kinachonivutia mimi ni mwendo wake. Ubeti wa kwanza una sifa nne ndani ya mistari minne, macho, midomo, kifua, nywele, tik tik tik tik kama mtu anayekagua mzigo bandarini. Ubeti wa pili spidi inapungua, sifa mbili tu, mistari miwili kwa kila moja. Wa tatu hivyo hivyo, sauti na mwendo. Yaani anaanza kama karani mwenye orodha, kisha kadiri anavyoendelea anazidi kumtazama mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe anaanza kusogea, kuongea, kutembea. Macho na midomo ya mwanzo ungeweza kuvichora ukutani, sauti na hatua haviwezi kuchorwa.

Na ile orodha sio yake. Hapa ndo wengi wanapoachwa na basi. Toka enzi za Petrarch kule Italia, aliyefariki 1374 baada ya kumwandikia Laura mashairi 300 na ushee, washairi wa Ulaya walikuwa na fomu moja ya kumsifu mwanamke, unashuka toka juu kwenda chini na kila kiungo kina kitu chake cha bei mbaya. Miaka 27 kabla ya soneti hii Mwingereza mmoja, Thomas Watson, alichapisha shairi ambalo mwanamke wake ana nywele za manjano zinazoshinda dhahabu iliyofuliwa, macho yanayostahili kukaa mbinguni, midomo myekundu kuliko marijani, pumzi ya manukato, maneno yenye mlio wa fedha, kifua kinachopitisha mwanga kama jiwe la kioo. Kifua cha kioo jamani. Ukiiweka orodha hiyo pembeni ya 130 unaona Shakespeare anapita dukani kwa watu hao anarudisha bidhaa moja baada ya nyingine.

Sisi wenyewe fomu hiyo tunayo. Macho ya kungu, shingo ya upanga, kiuno cha nyigu. Sasa chukulia anatokea mtu anaimba "kiuno chake sio cha nyigu, nyigu ana kiuno cha nyigu, huyu ana kiuno cha mtu aliyekula akashiba". Kwenye harusi utacheka. Utajua kabisa anayetaniwa ni yule aliyetangulia kuimba nyigu, bibi harusi hajaguswa. Lakini ukimkuta mtu ambaye hajawahi kusikia habari ya nyigu, ukampa mstari huo peke yake, atakwambia bibi harusi kaambiwa mnene. Hicho ndo kilichotokea saluni.

Haya, waya. Kwa Kiswahili cha leo ukisema nywele kama waya kila mtu anaona stilwaya, ile ya kusugulia sufuria, na binti yeyote mwenye kipilipili aliyepita shule ya msingi ameshawahi kuitwa hivyo. Kwa hiyo msomaji wa huku akifika mstari wa 4 anachomwa mahali ambapo msomaji wa Uingereza wala hahisi kitu, na nikiri hata mimi mara ya kwanza kuusoma nilifunga kitabu. Ila wakati ule neno "wires" likitajwa kwenye nywele za mwanamke lilikuwa pambo, ni ule uzi mwembamba wa dhahabu uliovutwa na sonara, wanawake wenye uwezo walitia kwenye mapambo ya kichwa, na washairi walikuwa wanasema nywele za mpenzi ni nyuzi za dhahabu bila aibu yoyote. Edmund Spenser alimsifu bibi harusi wake mwenyewe hivyo hivyo kwenye shairi la harusi lililotoka 1595. Hakuna mtu anamwita mke wake stilwaya siku ya ndoa.

Sasa sisi uzi huo tuna jina lake, unaitwa zari. Nenda Zanzibar siku ya Idi uangalie joho la mzee wa heshima, pale shingoni panapong'aa, ile ndo zari. Ukitafsiri mstari huo "kama nywele ni zari, basi zari nyeusi zimeota kichwani kwake", kitu kinageuka palepale. Kitambaa kinabaki kile kile, uzi ule ule, heshima ile ile, kilichobadilika ni rangi tu. Hajasema nywele zake ni ngumu. Amesema, nyie mnasema nywele ni zari, sawa nakubali, za kwangu ni zari nyeusi, mna la kusema? Na "kama" ile aliyoanzia ni ya kibishi, ipo pia kwenye mstari wa theluji, ni "kama" ya mtu anayekukubalia hoja ili akuoneshe inakupeleka wapi.

Na rangi ndo penyewe. Soneti za 127 mpaka 152 zinamhusu mwanamke huyu mweusi wa macho na nywele, na ile ya 127 inaanza kwa kusema zamani weusi haukuhesabiwa uzuri. Alikuwa nani, alikuwa Mwafrika, Mtaliano, au Mwingereza tu mwenye nywele nyeusi, watu wamegombana miaka na miaka, mi siingii huko. Ninachojua ni kwamba mitaani London wanawake wenye nazo walikuwa wanajipaka usoni risasi nyeupe iliyochanganywa na siki ili wawe kama theluji ya kwenye mashairi, mkorogo kabla ya mkorogo, unakula ngozi vile vile. Katika mji wa namna hiyo mtu anasimama kusema kifua cha mpenzi wangu sio theluji na bado hajaona wa kumfananisha naye. Mi siwezi kuuchukulia huo kama utani mdogo.

Kwa hiyo neno moja la mtafsiri linatosha kuamua kesi. Sio jambo geni kwetu, Mwalimu Nyerere alipoitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice 1969 aliwaita mabepari, Mabepari wa Venisi, na msomaji akaingia ukumbini tayari anajua nani wa kumtilia shaka. Waya ni "mabepari" ya soneti hii, ila mpwa wangu alipotafsiri hakukusudia.

(Na "mistress" kwenye mstari wa kwanza sio mchepuko, tuelewane. Ni mwanamke anayemiliki moyo wa mtu, bibie. Nimeona nukuu za wanafunzi zimeandika hawara, halafu mjadala mzima unakuwa kwa nini anamsifu hawara na mke yuko wapi.)

Tuje kwenye pumzi, ndo ninapokwama. Neno "reeks" watetezi wa shairi wana jibu lao zuri na mimi nililipenda, kwamba enzi hizo maana yake ya kawaida ilikuwa kufuka, kama moshi unavyofuka au mvuke wa chungu. Na Kiswahili kinasaidia sana hapa kwa sababu sisi tumetenganisha kunuka na kunukia, na kufuka kunakaa katikati, hakujasema mema wala mabaya. "Pumzi inayofuka kwa mpenzi wangu", mbona safi. Nilitaka kuishia hapo niseme kesi imekwisha. Tatizo ni Shakespeare mwenyewe. Kwenye tamthilia yake ya Coriolanus jenerali anawatukana raia wa Roma kwamba anachukia pumzi zao kama mvuke wa matope yaliyooza, na neno analotumia ni hilo hilo, tena limewekwa jirani na pumzi vile vile. Hivyo huwezi kuniambia alikuwa hajui lilivyosikika. Alijua. Na kaliweka mwisho wa mstari wa 8, mahali pa kina, lifanye kina na mashavu, sehemu ambayo sikio haliwezi kulikwepa. Dada wa saluni hapo ana pointi, na "wakati ule lilimaanisha kingine" ni nusu ya ukweli tu.

Na wanaosema shairi linamdhalilisha mwanamke wana hoja kubwa zaidi ya hiyo, ambayo watu wa "jamani ni utani" huwa wanairuka. Wanauliza, huyu bibie yuko wapi? Mshairi anasema anapenda kumsikia akiongea, mistari 14 yote hatusikii hata neno lake moja. Ni mwanaume anataniana na wanaume wenzake juu ya nani anajua kuandika, na kichwa, kifua na mdomo wa mwanamke vimewekwa mezani kama karata. Tena soma mbele, ifike ya 147, mshairi huyo huyo anageuka anamwambia nimeapa wewe mzuri na kumbe u mweusi kama jehanamu, kiza kama usiku. Zile zari nyeusi zimeshakuwa tusi. Sasa ile sifa ya 130 ina thamani gani kama soneti 17 baadaye rangi ile ile anairudisha kwa mate?

Ni swali la haki na sina jibu la kulifuta. Ila nikirudi ndani ya shairi lenyewe, mstari baada ya pumzi, kuna kitu kinachonifanya nibaki upande wangu. Washairi wa mtindo wa Petrarch soneti yao hugeuka kwenye mstari wa 9. Shakespeare anajulikana kuchelewesha mpaka ule wa 13, na hapa pia "na bado" yake kubwa iko 13. Lakini angalia wa 9 unaanzaje, "napenda kumsikia akiongea". Kwa Kiingereza ndo mara ya kwanza neno la kupenda linatajwa, mistari minane nzima limefichwa, na linakuja mara tu baada ya lile neno baya la pumzi, mdomo ule ule. Pumzi yake inafuka, napenda kuisikia. Mtu anayetukana haendi hivyo, mtu anayetukana akishapata tusi zuri analala nalo.

Halafu wa 11 na wa 12. Sijawahi kuona mungu wa kike akitembea, anasema, bibie wangu akitembea anakanyaga chini. Kwa Kiingereza kuna g zimepangwa kwenye mistari hiyo miwili, nne, kama visigino kwenye sakafu, na kwenye neno la kukanyaga pigo linavunjika, mkazo unaangukia palipotakiwa kuwa pepesi, kwa hiyo "anatembea" na "anakanyaga" yanagongana mzito kwa mzito. Ulimi unajikwaa. Wanawake wa orodha ile wanaelea, huyu ana uzito. Kwangu huo mstari wa 12 ndo sifa ya juu kabisa ya shairi lote, ule wa mwisho kuhusu wanawake waliosingiziwa kwa mifano ya uongo ni wakili tu anafunga hoja.

Jana mpwa alirudi kurekebisha nywele, nikamwandikia tafsiri yangu kwenye simu, zari nyeusi, pumzi inayofuka, anakanyaga chini, asome tena. Dada akasikiliza mpaka mwisho safari hii, kwenye zari akatabasamu, akarudia "zari nyeusi" huku anachambua rasta. Kwenye kukanyaga chini akasema huyo anamjua mke wake. Halafu akasema kile cha pumzi lakini, kufuka kunuka hamna tofauti, hapo angenyamaza tu.