Milioni moja na nusu ya gemu: Dell nene ya ofisi ama ujenge yako?

Mpwa wangu alifika kwangu Ntinda, hapa Kampala, wiki jana na shilingi milioni moja na nusu kwenye simu, pesa ya rolex (chapati za mayai) alizokaanga mwaka mzima kando ya steji ya boda, na swali moja tu: anko, nichukue ile kompyuta ya Dell ya ofisi niliyoiona mjini nitie kadi ya grafiki nianze kucheza, ama nijenge yangu mpya kama wale wa YouTube? Nikamwambia kaa kwanza, hilo halijibiwi umesimama.

Tuanze na Dell manake watu wa gemu wanaidharau bure. Ni OptiPlex 7060, imetoka ofisi fulani huko ng'ambo, ina prosesa ya Intel i5-8500 ya kori sita, ramu GB 8, kesi, pawa saplai na Windows tayari, unachomeka inawaka. Muuzaji alikuwa anataka elfu mia sita na hamsini. Sasa jaribu kununua hivyo vipande kimoja kimoja uone, tena ramu ndio usiguse kabisa, tangu mwisho wa 2025 bei imepaa kwa sababu viwanda vinakimbilia kuuzia senta za data za AI, kwa hiyo mashine inayokuja na ramu yake ndani imekusaidia sana tu.

Ila soma namba. Hapo hapo dukani kuna nyingine ya bei rahisi yenye i5-7500, kizazi cha saba, na muuzaji anakuambia "i5 ni i5 boss". Wapi! Hiyo ni kori nne tu, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel, Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kijana anapenda Valorant, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vile vitu vya usalama vya mashine, viwe vimewashwa. Ukichukua ya kizazi cha saba umenunua kesi zote mbili, ya bati na ya matatizo.

Tatizo la Dell huwezi kuliona mpaka ufungue ubavu. Tulienda nikafungua. Pawa saplai ina umbo lake, plagi inayoingia kwenye mazabodi (ile bodi kuu) si ile ya kawaida ya pini 24, na haina hata waya mmoja wa kulisha kadi ya grafiki. Maana yake kadi inakula kile soketi ya mazabodi inachotoa tu, wati 75, basi. Hapo unabaki na kadi kama GTX 1050 Ti ya 2016 ama GTX 1650 ya 2019, zote memori GB 4, na hata 1650 uigeuze uangalie kwanza kwa sababu kuna matoleo yenye tundu la pini 6 juu. Halafu ile Dell nyembamba, ambayo ndiyo imejaa madukani, haipokei kadi ya kimo cha kawaida, inataka zile za kimo kifupi ambazo kuzipata hapa ni bahati.

Muuzaji akaona tunasita akatoa kadi ya RX 580 kabatini, ati tutafungia adapta kutoka kwenye waya wa SATA, ule wa kulisha diski. Banange. Plagi ya SATA imepimwa kubeba kama wati 54 kwenye laini ya volti 12, kadi yenyewe inakula hadi 185, hapo unapika waya. Na nilipoisoma vizuri ilikuwa imeandikwa 2048SP, lile toleo lililotolewa kwa soko la China 2018, kwa nguvu ni ndugu ya RX 570, ina vichakataji vidogo 2048, 580 yenyewe ina 2304. Tangu sarafu ya kidijitali ya Ethereum iache kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022 hizi zilizochoka zimezagaa kila mahali.

Sasa kujenga. Prosesa ya Ryzen 5 5600G ina grafiki yake ndani kwa hiyo unaanza bila kadi, unaweka mazabodi ya B450 ama B550, ramu vijiti viwili (kimoja kinakukata miguu kwa sababu hiyo grafiki inakula ramu ile ile), na pawa saplai ya ukweli. Pesa ikipatikana baadaye unatupia kadi ya RX 6600, wati 132, memori GB 8, na hubadilishi kitu kingine. Dell haikupi hiyo nafasi. Lakini miezi ya kwanza utacheza kwa setingi za chini, monita bado hujanunua, na vipande vingi unaagiza Nairobi vinakuja na basi kupitia Busia, sasa mazabodi ikifika imekufa nani analipa nauli ya kuirudisha?

Na kwenye pawa saplai ndipo wajenzi wa bajeti wanapojimaliza. Mimi niliwahi kuchukua moja imebandikwa wati 600, nyepesi kama mkebe mtupu, nikajiona mjanja. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi, nikasikia "tap" na harufu, ikaondoka na mazabodi. Ile ya Dell pamoja na ubishi wake imetengenezwa vizuri, hiyo lazima niseme.

Mimi moyo wangu uko kwenye kujenga, sifichi. Lakini nilimuuliza kijana unacheza nini, akasema Valorant na mpira na wenzake, nikamuuliza hiyo RX 6600 utanunua lini, akacheka. Wengi tunajenga kwa ajili ya kadi ambayo haiji.

Tukarudi dukani. Muuzaji akashusha ile nyembamba. Nikasema hapana, lete nene. Akasema nene inaongezeka elfu themanini. Mpwa wangu akaangalia simu, akaniangalia mimi.

"Ongeza," nikamwambia, "na umwambie aifungue kabla hujatuma."