Nakala yako iko wapi?

Mpwa wangu alinipigia simu jioni nikiwa Kibuye nanunua omena. "Mjomba, nimepata kandarasi!" Miezi mitatu, kiwanda kimoja hapa Kisumu, ameshatia sahihi. Nikampongeza, kisha nikamuuliza nakala yake iko wapi.

"Wamebaki nayo. Ilikuwa moja tu."

Tangu siku hiyo neno indenture halinitoki kichwani. Ndivyo Waingereza walivyouita mkataba uliowafunga Wahindi waliojenga reli yetu. Mzizi wake ni meno, kwa Kilatini dens. Zamani kule Ulaya mapatano yaliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ikakatwa katikati kwa mstari wa kupindapinda kama meno ya msumeno. Kila mmoja akaondoka na kipande chake. Ukizuka ubishi, vipande vinakutanishwa. Meno yasipoumana, kuna mtu ameghushi. Neno lenye sifa mbaya kiasi kile, na bado lilianza kwa kumpa kila mtu nusu yake!

Wahindi hao, karibu 32,000, waliletwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikataba ya miaka mitatu. Karibu 2,500 walifia kazini. Reli ilifika hapa, enzi hizo pakiitwa Port Florence, Desemba 1901. Wenzao waliopelekwa Fiji kulima miwa walilitamka neno agreement, yaani mapatano, kwa ulimi wao likawa girmit, nao wakajiita girmitiya, watu wa girmit.

Sisi tuna kibarua. Lisikilize vizuri: ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Karatasi ikawa jina la kazi, kazi ikawa jina la mtu, na leo msimamizi anauliza "vibarua wamefika?" bila kujua kwamba anaulizia karatasi. (Namna karatasi inavyoota nyasi, hilo waulizeni waliofutwa.)

Halafu kuna kipande, cheti cha utambulisho cha enzi za mkoloni. Hapa ndipo ninapokasirika. Chini ya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi yake ndani ya kikasha cha chuma shingoni. Mwajiri ndiye aliyejaza siku ya kuanza kazi na siku ya kuachiliwa. Asipotia sahihi, huondoki. Ukiondoka, umetoroka na unatafutwa. Wajaluo waliokutana Lundha, kule Gem, Desemba 1921 kumlalamikia mkoloni walikitaja kipande pamoja na kodi miongoni mwa malalamiko yao. Kiliitwa kipande, ila mwenye kukibeba hakuwa na nusu yoyote ya kumkabili nayo bwana wake. Mzigo wake, kalamu ya mwingine.

Sasa tuna Sheria ya Ajira ya 2007. Inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na kibarua anayefanya kazi mwezi mzima mfululizo asiendelee kuhesabiwa wa kutwa. Sawa. Lakini utadai vipi siku zako kwa karatasi iliyolala kwenye kabati la mwingine?

Nikamwambia arudi, aombe hata kuipiga picha kwa simu.

"Mjomba, wataniona mjuaji."

"Wakuone."

Jumatatu akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Ule wenye sahihi, anasema, uko kwa meneja, na meneja amesafiri.